Fundi Aliyegoma Kutoka Kwenye Picha

Nyinyi vijana wa kamera na simu, kabla hamjaniuliza tena kama nina "picha kali za Mwanza ya zamani", naomba mnisikilize kwanza, maana nimechoka. Nimechoka kwa heshima zote. Haipiti wiki bila mtu kuja hapa kwangu Nyegezi, shikamoo bibi, marahaba, anakunywa chai yangu, kisha ananionyesha kwenye simu picha ya Barabara ya Kenyatta ambayo mtu ameiandikia kwa maandishi mekundu: MWANZA ENZI ZA MJERUMANI. Naitazama. Pembeni kuna baiskeli imeegemezwa kwenye nguzo, ina kikapu cha ukindu mbele. Baiskeli ile ni yangu. Mjerumani gani huyo aliyenikuta mimi na baiskeli yangu?

Kazi ya picha niliianza nikiwa msichana mgeni mjini, nimetoka Ukerewe na sanduku la bati, na nimeiacha macho yaliponigomea. Mji uliniita Dada Picha, ukaja kuniita Mama Picha, na sasa watoto wa jirani wananiita Bibi Picha. Hakuna aliyeniuliza kama nimekubali kupandishwa cheo. Katika miaka yote hiyo nimepiga mnara wa saa, stesheni ya reli, Soko Kuu, bandari, maduka ya Wahindi yenye roshani za mbao, na lile Jiwe la Bismarck lililosimama ziwani nimelipiga hadi nadhani likiniona linafumba macho. Mkiniuliza ni picha ngapi kati ya hizo zinazoonyesha kitu chenyewe vizuri, nitawajibu kwa hasira: chache mno. Mbele ya kila jiwe kuna shangazi wa mtu.

Hamkuwajua wateja wa wakati ule. Mtu amesafiri kutoka Magu au Geita, amevaa suti aliyoazima kwa kaka yake, anataka picha moja tu, na katika hiyo moja anataka kila kitu. "Dada, nipige mimi na jiwe. Jiwe lionekane lote. Viatu navyo vionekane, ni vipya. Na sura iwe kubwa, mama aijue." Nilimweleza mmoja kwamba sura ikiwa kubwa jiwe linakuwa dogo, huo ndio utaratibu wa Mungu. Akaniambia studio ya jirani wanaweza. Nikamwambia aende. Akaenda, akarudi, akasema wamemwambia hivyo hivyo, ila wao wamemwambia kwa upole. Mwishowe nililala kifudifudi kwenye kokoto nimpige kutoka chini, korongo wawili wamesimama nyuma yangu wakinitazama kama wazee wa baraza wanaosubiri nikosee. Picha ikatoka safi kabisa, jiwe lote, viatu vyote. Akalalamika kwamba pua yake inaonekana kwa ndani.

Basi shikeni hilo, japo mimi nililishika kwa kuumia magoti: ukitaka mtu na kitu kirefu kwenye picha moja, mlete mtu karibu na kamera, halafu wewe shuka chini. Usimpeleke akaegemee jengo. Kule anakuwa sisimizi, na jamaa zake watakuuliza yuko wapi.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Rajabu, mtu wa mjini mwenye asili ya Ujiji, aliyekuwa na studio karibu na soko. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa kukasirika, na alinirithisha yote mawili, kazi na hasira. Kwake nilijifunza kusafisha picha kwenye chumba cha giza. Maji ya bomba yalikuja na mchanga, tukayachuja kwa kanga, tena kanga iliyokwisha kufuliwa sana, maana mpya inaacha nyuzi. Chupa za dawa tulizikalisha kwenye beseni la maji ya mtungi, kwa sababu dawa ikipata joto picha inatoka na chembechembe kama uji wa mtama uliosagwa na mvivu.

Siku moja niko mle gizani, filamu ya harusi iko wazi mikononi mwangu, mtu akabisha, "Hodi!" Mimi ni mtoto niliyelelewa vizuri. Nikajibu, "Karibu!" Akafungua mlango, mwanga ukaingia, harusi yote ikaungua, bibi harusi, keki, padri, wote. Mzee Rajabu hakunipiga. Alichukua rangi akaandika mlangoni kwa herufi kubwa: HAPA HAKUNA KARIBU. Wateja walidhani tumeacha Uswahili.

Sasa, Mzee Rajabu alikuwa na biashara nyingine, ya kadi za posta, picha za mji za kuwauzia wasafiri wa meli na treni. Na kwenye kadi zake hakutaka mtu hata mmoja. "Mtu anachakaa," alikuwa akiniambia. "Leo kavaa suruali pana chini, kesho imepitwa, kadi yangu haiuziki. Ukuta hauna fasheni." Kwa hiyo ujana wangu mwingi niliumaliza nikiwafukuza watu barabarani kwenye mji wenye watu wengi kuliko sehemu za kukaa. Samahani baba, sogea. Samahani mama, pitisha ndizi haraka. Ukimwambia mtu asogee, anasimama akuulize kwa nini, na wenzake wanakuja kusikiliza jibu. Mtaa uliokuwa na watu watatu unakuwa na mkutano.

Mara moja tu nilifanikiwa. Ilikuwa Jumapili asubuhi, watu wako kanisani, waliobaki wamelala, nikaupata mnara wa saa peke yake. Barabara zote zinazoukutania ziko tupu, jua limelala chini, kivuli cha mnara kimenyooka juu ya lami. Hapakuwa hata na mbwa. Mzee Rajabu aliitundika studio, akawa anaionyesha wateja akisema, "Hii kaipiga huyu binti." Hakuwahi kunisifia kabla wala baada. Mtaelewa nilivyoipenda picha ile.

Akiwa bado na furaha hiyo, alinituma nikampigie mtaa wa maduka ya vitambaa, jirani na Makoroboi, pale mafundi bati walipokuwa wakigonga koroboi zao, zile taa ndogo za mafuta, kuanzia alfajiri hadi masikio yaote sugu. Mtaa ulikuwa na baraza ndefu yenye nguzo, na asubuhi jua linapokuwa chini linaingia barazani mpaka ukutani. Huo ndio wakati wa kupiga baraza, mkitaka kujua. Jua likipanda, chini ya paa kunakuwa kweusi na nje kunakuwa kweupe, na kamera haiwezi kuwaridhisha wote wawili.

Nilifika mapema. Mtaa mtupu, isipokuwa fundi cherehani mmoja amekaa barazani, katikati kabisa ya picha yangu.

"Habari za kazi, fundi."

"Nzuri." Hakuinua macho.

"Naomba usogee kidogo. Napiga picha ya mtaa."

"Mtaa gani?"

"Huu."

"Na mimi nimekaa mtaa gani?"

Nikamwambia ni dakika moja tu. Akasema, "Dakika moja mimi nashona kola. Mwenye hili shati anakuja kulichukua, ana safari ya Musoma. Huo mtaa wako una safari ya wapi?"

Nikarudi kumwita Mzee Rajabu. Akaja na kofia yake na hasira zake, akamwamkia yule fundi, akambembeleza, akamtajia maendeleo ya mji, akapandisha sauti. Fundi anakanyaga cherehani tu, kha-kha-kha-kha, kama vile tunazungumza na nguzo. Jua nalo linapanda. Mwishowe Mzee Rajabu akanigeukia: "Piga, piga tuondoke, jua linatukimbia!" Nikapiga. Jina la yule fundi lilikuwa Lutonja. Nililijua baadaye, kwa kuwa nilirudi kwake anishonee sketi, na alinishonea vizuri, bila kunisamehe.

Picha ile haikuwa kadi. "Mtaa mzuri, umeharibiwa na mkaidi mmoja," alisema Mzee Rajabu, akaitupia kwenye boksi la zilizokataliwa. Alipofunga studio, maboksi yote niliyachukua mimi, zilizopendwa na zilizokataliwa. Fundi Lutonja naye siku moja sikumwona tena barazani. Nikaambiwa amefariki. Familia yake sikuijua.

Mnaniuliza kama nilizitunza? Nimezitunza. Hewa ya ziwa inakula filamu, inaota ukungu kama mkate. Zilikaa kwenye makopo ya bati yenye vifuniko vya kubana, na ndani ya kila kopo nikafunga kitambaa chenye mchele uliokaangwa mkavu. Mchele unakunywa unyevu wote. Ukilegea, unakaangwa tena. Hiyo ni elimu, iandikeni.

Ndipo akaja Deo. Deo ni kijana wa miaka thelathini hivi, mpambaji wa majengo, ana adabu, ana viatu vyeupe. Kulikuwa na hoteli mpya inamaliziwa upande wa Capri Point na mwenye hoteli anataka kuta zake zijae picha za Mwanza ya zamani, kubwa, za ukuta mzima. "Bibi, tunataka mgeni akiingia tu, ahisi mji," aliniambia. Nikampa kopo moja la negativu, zile filamu zenyewe picha zinakotolewa, lenye mitaa na mnara. Nikamwambia mambo mawili: usiziguse uso, na zirudi zikiwa kavu. Akaitikia yote. Vijana wa siku hizi mnaitikia vizuri sana.

Miezi ikapita kimya. Kisha mchana mmoja akaingia uani kwangu mama wa makamo, kavaa kitenge, amekunja uso.

"Shikamoo." Aliitoa kama anayelipa faini.

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

"Sijaja kukaa, mama. Nimekuja kuuliza. Wewe ndiye uliyemtoa baba yangu?"

"Nimemtoa wapi?"

"Kwenye picha. Jina lako limeandikwa chini yake. Baraza ipo, cherehani ipo, kiti kipo, shati liko kwenye sindano. Baba hayupo. Ile cherehani inashona yenyewe?"

Nikamvutia kiti kwa nguvu, akakaa. Jina lake Kulwa, anauza mchele Sengerema. Alikuwa amevuka ziwa kuja kwenye sendofu ya kumuaga binti wa rafiki yake anayeolewa, pale hotelini. Wenzake wanacheza muziki, yeye amesimama mbele ya ukuta. Cherehani aliijua kwa meza yake. Kona moja ilivunjika zamani na baba yake akaiziba kwa kipande cha bati, na yeye Kulwa utoto wake wote alikaa chini ya meza ile akiokota vifungo.

"Labda siyo yeye aliyekuwa amekaa siku hiyo," nikasema, ingawa nilishajua.

"Mama, nenda kaone mwenyewe."

Akanieleza mengine kwa sauti ya chini. Walikuwa wakiishi Mabatini, kando ya mto. Mvua moja kubwa mto uliingia ndani, ukachukua godoro, vyombo na sanduku la picha. Hawana hata moja ya Fundi Lutonja. Wajukuu wanauliza babu alifanana na nani, wanaambiwa fulani ana masikio yake, fulani ana mwendo wake. "Na mama yangu siku hizi anazungumza na baba," alisema. "Asubuhi namkuta anamjibu."

Tulikwenda siku hiyo hiyo. Hoteli nzuri, vioo vitupu. Ukutani kuna mtaa wangu, mkubwa kuliko nilivyowahi kuuona, baraza inang'aa, nguzo zimenyooka. Cherehani iko katikati, na kiti kitupu. Na nyuma ya kiti, kwenye ukuta wa duka, kivuli cha mtu. Kichwa, shingo iliyoinama, mkono. Mtu hayupo, kivuli chake wamekisahau.

Kulwa aligeuka akatazama dirisha.

Deo aliitwa, akaja anatabasamu, akatuamkia wote wawili. Nikamuuliza mtu yuko wapi.

"Aa, bibi, hii tuliisafisha tu. Mteja alitaka mandhari tulivu. Na mtu ukimkuza ukuta mzima anamtisha mgeni."

Tuliisafisha! Mimi nimesafisha picha maisha yangu yote. Unaingia gizani na karatasi tupu, unaitumbukiza kwenye dawa, unaitikisatikisa, na taratibu mtu anakuja, kwanza nywele, kisha macho, mpaka anakutazama. Huko ndiko kusafisha picha kwa Kiswahili nilichofundishwa. Nilimwambia hivyo kwa sauti ambayo watu wa mapokezi waliisikia. Fundi huyu nilimwomba atoke akakataa, bosi wangu akamwomba akakataa, na wewe umemtoa bila hata kubisha hodi.

Deo akanywea. Kusema kweli hakuwa mtu mbaya, alifundishwa hivyo. Alimtazama Kulwa, akaelewa, akasema, "Samahani sana, mama. Sikujua ni mtu wa mtu."

"Kila mtu ni mtu wa mtu," alijibu Kulwa.

"Basi tupe ile ya kwanza, ya kabla hujamtoa," nikasema.

Akajikuna shingo. Ya kwanza aliifuta, simu ilijaa.

"Na negativu zangu?"

"Ziko kwenye gari, bibi, salama kabisa." Akaenda, akarudi na mfuko wa nailoni. Nikamuuliza kopo liko wapi. Akasema lilikuwa limechakaa. "Tena ndani kulikuwa na mchele, nikajua panya wameanza kuweka akiba, nikautupa."

Nikaupokonya ule mfuko. Kuna wakati hasira inakuwa kubwa kuliko mdomo. Zilikaa kwenye buti la gari, masika nzima, ndani ya nailoni. Nilipozitazama kwenye mwanga nikaona nyingi zimepona, ila mbili zimegandana kama chapati zilizorundikwa za moto. Ya fundi ilikuwa mojawapo. Nyingine ilikuwa ile ya mnara wa saa.

Sikilizeni kwa makini hapa, maana hili simu haiwezi. Negativu zilizogandana hazivutwi zikiwa kavu. Ukivuta, ule utando wenye picha unabanduka na sura ya mtu inabaki vidoleni mwako. Zinalazwa kwenye maji safi ya uvuguvugu wa chini kabisa, na tone la sabuni. Unasubiri. Unasubiri tena. Utando unavimba, unalainika, na hapo unalazimika kuchagua. Unayoitaka unailaza imenyooka juu ya kioo, na nyingine ndiyo unayoikunja na kuibandua kidogo kidogo. Ile inayokunjwa ndiyo inayoumia. Haiwezekani kuzinyoosha zote mbili.

Kulwa alikuwa amekaa mezani kwangu, ameshika kikombe cha chai ambacho hakunywa. Hakujua nyingine ni picha gani, nami sikumwambia. Mtu aliyekaa akisubiri baba yake, utamwambia habari za mnara? Lakini niliumia. Nilizishika zile filamu mbili majini, na nikamkumbuka Mzee Rajabu akisema huyu binti, huyu binti. Na huyu mkaidi aliyenigomea nikiwa na haraka zangu, hata jina langu hakuwahi kuniuliza. Nikasema kimoyomoyo, fundi, umenisumbua ukiwa hai na sasa unanisumbua tena.

Nikamlaza fundi kwenye kioo. Nikaukunja mnara.

Ulibanduka vipande vipande. Saa ilikwenda, kivuli kikafuata, na zile barabara tupu zikabaki maganda yanayoelea kwenye beseni. Kulwa akaja akashika kioo upande wa pili bila kuambiwa. Kipande cha mwisho kilipoachia, nikainua negativu ya fundi dirishani. Anga lilichubuka kona ya juu. Nguzo moja ilipata kovu. Yeye mwenyewe alikuwa mzima, ameinama.

"Yuko?" Kulwa aliuliza.

"Yuko. Alikuwa aende wapi?"

Alilia mle jikoni kwangu, nami nikamwaga yale maji ya beseni nje haraka.

Chumba cha giza sina tena, karatasi za kusafishia sina. Ilibidi nimwite Deo huyo huyo, na mjue ilivyoniuma. Akaja na kamera yake, tukabandika negativu dirishani juu ya karatasi nyeupe, akaipiga, akaigeuza kwenye kompyuta, weusi ukawa weupe, na fundi akatokea. Lazima niseme kweli, alifanya kazi nzuri. Ila kila alipotaka kugusa kitu nilimpiga kofi la mkono.

"Bibi, niondoe tu huu mkwaruzo wa nguzo."

"Usiguse."

"Nimng'arishe kidogo usoni."

"Deo! Usiguse!"

Akaichapa kubwa kiasi cha sinia, hakuigusa. Kuhusu ule ukuta wa hoteli, alikwenda kumwomba meneja waibadilishe, akaambiwa mpaka mwenyewe arudi safari. Mwenyewe amekwisha kurudi na kusafiri tena mara kadhaa. Ukuta uko vilevile. Nendeni mkaone cherehani inayoshona yenyewe, na mkifika muulizeni mhudumu kile kivuli ni cha nani. Mimi nimeuliza hadi wananikimbia.

Nilivuka na Kulwa kwa kivuko cha Kamanga kumpelekea mama yake. Ziwa lilikuwa na upepo, wadudu wa ziwani wametujaa mdomoni, nimeikumbatia picha kifuani ndani ya kanga mbili kama kichanga. Sengerema tulimkuta mama huyo, Bibi Kabula, uani kwa Kulwa, amekaa mkekani, anamenya karanga. Nilimwamkia kwa Kisukuma changu cha kuokoteza, mwangaluka, akaniitikia na kunicheka. Wajukuu wakatuzunguka.

Kulwa alimwekea picha mapajani. "Mama, huyu ni baba."

Bibi Kabula aliacha karanga. Akaipandisha mpaka ikagusa pua, akaipeleka mbali, akaigeuza ubavu. Kisha akairudisha.

"Sioni kitu, mwanangu. Naona weupe na weusi."

Hakuna aliyeniambia kwamba macho yake yamefika huko. Kulwa mwenyewe nadhani hakutaka kujua. Nilikaa kwenye kigoda. Kopo langu, mchele wangu, mnara wangu, kivuko, wadudu, yote hayo kwa mtu anayeona weupe na weusi! Nilitamani kumlaumu mtu na sikumpata.

Kulwa alipiga magoti mkekani. "Nitakusimulia mimi, mama. Amekaa barazani. Ameinama."

"Mafundi wote wanainama."

"Ana futi shingoni."

"Wote wana futi." Alikuwa mgumu huyo mama. Hakuwa tayari kupewa mume yeyote tu. Akafikiri kidogo. "Miguu yake inaonekana?"

"Inaonekana. Iko kwenye pedeli."

"Kavaa viatu?"

Kulwa alinitazama. Mimi nilishaitazama picha ile mara ngapi, na viatu sikuwahi kuviwazia. Nikatoa kioo changu cha kukuzia mfukoni, nikainama pamoja naye, tukatafuta chini ya meza ya cherehani.

"Hapana," nikasema. "Yuko pekupeku. Viatu viko pembeni ya kiti, kimoja kimelala."

Bibi Kabula alicheka, kicheko kikubwa cha msichana, mpaka karanga zikamwagika. "Basi ni yeye! Huyo akivaa viatu alikuwa anapiga soga tu na wateja, mguu unakanyaga hewa. Akivivua, hapo ndipo anashona. Unamletea chakula, hakuoni. Unamwita, hakusikii."

Aliichukua tena picha, akailaza mapajani, akaipapasa polepole kwa kiganja kama anayenyoosha kitambaa. Wajukuu walikuwa wamejazana begani kwake na mgongoni, wakisukumana wamwone babu, vichwa vyao vimeziba jua lote. Bibi akainua mkono akawapunga kama kuku.

"Sogeeni huko, mnamzibia mwanga. Mwacheni amalize."